Jicho la ngisi, vimeng'enya vimekaa wapi

Haya ssebo na nyabo, karibuni, na nyie mliosimama mlangoni ingieni tu viti vipo. Najua kuna anayejiuliza mtu wa Kampala na pweza wapi na wapi, na kweli Ziwa Victoria halina hata mmoja, pweza, ngisi na dome wote ni wa maji ya chumvi tu. Ngisi huyu hapa mezani alikuja na basi la usiku kutoka Mombasa kwenye boksi la barafu.

Tuanze na hii. Ni lenzi ya jicho la mwenzake, nimeichemsha jana, pitisheni mkono kwa mkono. Ngumu kama shanga eeh? Ikiwa mbichi unaona mpaka upande wa pili, ukichemsha inakuwa nyeupe pee kama ute wa yai kwa sababu imejaa protini. Na hiyo protini, inaitwa S-kristalini, ukifuata ukoo wake unafika kwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, hiki kinaitwa glutathioni S-transferasi, ambacho kazi yake mwilini ni kukamata sumu ili zitolewe nje. Kwa ngisi huyu huyu kimeng'enya chenyewe kinachopiga kazi kiko kwenye tezi ya kumeng'enya chakula, ndugu zake waliohamia kwenye lenzi kazi ile wameiacha karibu yote, wamejipanga tu kwa wingi wapinde mwanga. Mimi kila nikifikiria hii nashangaa upya! Pweza naye ana nyingine, omega-kristalini, imetoka kwenye ukoo wa aldehaidi dehidrojenasi.

Nyuma ya lenzi kuna retina, ule utando unaopokea mwanga. Seli zake zimeutazama mwanga moja kwa moja, sio kama zetu zilizogeuza mgongo, ndio maana pweza hana doa pofu, ile sehemu ya jicho isiyoona. Juu kwenye seli kuna rodopsini inayopokea mwanga, chini kuna retinokromu, hii waliitambua Hara na Hara kule Japani mwaka 1965, inachukua retinali, ile molekuli ya rodopsini inayonasa mwanga, ikiwa imenyooshwa na mwanga inaikunja tena itumike upya, na inatumia mwanga huo huo kuikunja. Kwetu binadamu kuna kimeng'enya kinachofanya hivyo bila mwanga.

Sasa twende kwenye ubongo, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nyuma ya kila jicho kuna bonge lenye umbo la haragwe, na kwa ngisi haya mabonge mawili yanazidi ubongo wote uliobaki. Unakata kipande chembamba sana, unakilaza kwenye maji yenye asetilithiokolini, shaba na ferisianidi, njia ya Karnovsky na Roots ya mwaka 1964, halafu unasubiri. Penye kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi panaanza kuwa kahawia taratibu kama chai inavyokolea, na rangi haisambai kipande kizima! Inakolea kwenye ule mkanda wa nje ambapo nyuzi kutoka jichoni zinakutana na nyuzi za ubongo, zile tabaka zilizojaa miili ya seli zinabaki hafifu. Cajal, yule mtafiti wa neva wa Hispania, alishauchora mpangilio wa tabaka hizi 1917, ila rangi ndio inakuonyesha pa kuangalia, maana asetilikolini ni ujumbe kati ya neva na neva, na kimeng'enya hiki kinaufuta mara moja ili ujumbe mwingine upite, kwa hiyo kinakaa pale pale mazungumzo yalipo.

Na wakulima wa nyanya mlioko hapa nisikilizeni vizuri, kimeng'enya hiki mnacho pia. Dawa za kupulizia za jamii ya oganofosfeti zinaua mdudu kwa kukifunga, na zikikuingia wewe zinakifunga vile vile, ujumbe haufutiki, mate yanatoka, jasho linatiririka, mboni ya jicho inabana mpaka inakuwa kitone, pumzi inakuwa shida. Ukimwona mwenzako hivyo shambani mvue nguo zenye dawa, mwoshe, mkimbize hospitali.

Nyabo, umeinua mkono tangu kwenye lenzi, haya uliza.