Kutoa petroli kwenye tangi kabla ya kubadilisha pampu

Habari zenu watazamaji. Leo tuko Kariobangi Light Industries, Nairobi, na hii hapa ni Toyota Vitz iliyovutwa hadi kwetu asubuhi. Ukifungua swichi, ule mlio mdogo wa chini ya kiti cha nyuma husikii. Fyuzi ni nzima, umeme unafika kwenye plagi. Pampu ya petroli imekufa. Lakini kabla ya kuigusa, tutoe petroli. Nawaomba msiiruke sehemu hii mkikimbilia ile ya kufunga pampu mpya. Kufunga pampu ni kazi ya spana tu. Hii ndiyo inayounguza watu.

Angalia nilipoliweka gari. Liko nje, mahali wazi. Jirani yetu anayechomelea vyuma amekubali kupumzika kwa saa moja, na mama wa chapati amehamisha jiko upande upepo unakotoka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupandi kama moshi. Hutambaa chini hadi ukakuta moto mahali ambapo hukuutarajia. Kwa sababu hiyo usifanye kazi hii kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, na usisimame juu ya shimo la gereji. Baridi ya Julai nayo isikudanganye: petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sufuri.

Vaa ovaroli ya pamba, si sweta ya nailoni inayotoa cheche. Simu weka mbali, sigara usiseme. Kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono wako. Maji hayafai, yataeneza petroli inayowaka.

Haya, tuanze. Fungua mfuniko wa tangi, hewa itoke. Kama gari lako bado linawaka, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini, iache izime yenyewe ili shinikizo lishuke. Hili letu haliwaki, kwa hivyo tutakapofika kwenye mpira wa petroli tutauzungushia kitambaa na kuulegeza polepole. Kwenye EFI, yaani injini inayopuliziwa petroli kwa mfumo wa umeme, petroli husukumwa kwa takriban baa 3. Inaweza kukurukia machoni. Sasa toa waya wa hasi kwenye betri, uusogeze usije ukarudi kugusa.

Mpira ninaotumia ni huu, unaoonyesha ndani, na katikati una tufe la kubonyeza. Utaupata kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road. Usivute kwa mdomo. Nilipokuwa nafundishwa kazi, gereji niliyoanzia ilitufanya tuvute hivyo, nami siku moja petroli ikanipalia. Nilikohoa siku tatu, kifua kikiwaka, na kila nikipumua nasikia harufu ile ile. Petroli kidogo tu ikiingia mapafuni huyaharibu vibaya. Mtu akiimeza, msimlazimishe kutapika, msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali.

Ingiza mpira kwenye shimo la kujazia. Ukigoma, usilazimishe, magari mengi yana kizuizi humo ndani, na mpira ukikwama umejiongezea kazi. Huu wetu umegoma, unaona? Basi twende chini ya kiti cha nyuma. Ng'oa kiti, fungua kile kifuniko cha bati, kisha piga brashi vumbi lote. Hapa usiwe na haraka. Vumbi letu jekundu likiingia tangini, litaiua pampu mpya. Toa plagi, legeza mpira wa petroli kwa kitambaa kama nilivyosema, fungua bolti za bamba linaloshikilia pampu, ulinyanyue kiasi cha kupitisha mpira.

Mtungi uwe wa chuma, uwe chini ardhini, na waya huu uuunganishe na bodi ya gari ili kusiwe na cheche. Ncha ya mpira ifike chini kabisa ya mtungi, petroli isianguke kama maji ya mvua. Bonyeza tufe... inakuja. Acha nafasi juu, usijaze hadi mdomoni. Yale madebe ya manjano ya mafuta ya kupikia, tafadhali, yaacheni jikoni.

Itoke kiasi gani? Hapa pampu inatokea juu, kwa hivyo ukibakiza robo inatosha. Kama tangi lako ni la kushushwa, toa yote: lita 30 ni karibu kilo 22 za kuyumba juu ya jeki. Na tangi lililomwagwa bado lina mvuke, tena ni hatari kuliko lililojaa. Asije mtu akakuchomelea ufa kwenye tangi hilo.

Sogeza kamera. Nimechota kidogo kwenye chupa ya kioo. Ule mstari pale chini, na matone yanayoviringika kama shanga, hayo ni maji. Huenda ndiyo yaliyoiua pampu. Sasa dondosha tone kwenye karatasi: petroli safi hukauka isiache doa. Ikibaki alama ya mafuta, imechanganywa.

Iliyo safi tutairudisha. Hii yenye maji inabaki kwenye mtungi uliofungwa, haimwagwi mtaroni. Septemba 12, 2011, petroli iliingia kwenye mtaro pale mtaa wa Sinai, eneo la Lunga Lunga hapa Nairobi, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kutoka Sinai hadi hapa si mbali.

Pampu mpya ikishakaa na betri kurudi, mimina lita 10, fungua swichi mara tatu bila kuwasha injini, ukiangalia viungo kwa tochi. Vikiwa vikavu, piga stati.