Waliotoroka Kambini, Wakarudi Wenyewe

Nianze na kopo la nyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kambi namba 354 pale Nanyuki, mateka Waitaliano waligawiwa makopo yaliyobandikwa picha ya Mlima Kenya. Kwa Felice Benuzzi, picha hiyo ndiyo iliyokuwa ramani.

Benuzzi alikuwa ofisa wa serikali ya Italia huko Ethiopia. Alikamatwa 1941, akaletwa Kenya. Tusidanganyane, kambi zile hazikuwa za mauaji. Kilichowala watu ni siku. Unaamka, unahesabiwa, unakula, unahesabiwa tena. Mfungwa wa jela ana tarehe yake ya kutoka, mateka hana. Wengine walijiokoa kwa kazi: kale kakanisa ka Mai Mahiu, kando ya barabara ya kushuka bondeni, kalijengwa na mateka Waitaliano mwaka 1942.

Kutoroka je? Utoroke uende wapi? Ardhi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, mbali kweli kweli. Basi Benuzzi akaja na wazo la kichaa: tutoke, tupande ule mlima, halafu turudi.

Matayarisho yalichukua miezi, na mimi naamini hapo ndipo walipopona. Nyundo ziligeuzwa sululu za barafu. Vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba za katani zilifunguliwa vitandani. Chakula kilifichwa kidogo kidogo. Mtu anayeficha biskuti za safari ya Januari, Desemba haimlemei.

Walitoka tarehe 24 Januari 1943, yeye, daktari Giovanni Balletto, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo. Walipita msitu wenye tembo bila bunduki. Barsotti aliugua, akabaki chini. Kilele cha Batian, kirefu kuliko vyote vya mlima huo, kiliwashinda wenzake. Tarehe 6 Februari hao wawili wakasimama kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakashuka na njaa zao kurudi kwenye seng'enge.

Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi, Mwingereza, akazipunguza ziwe 7 kwa kuwa alipendezwa na moyo wao wa kimichezo. Nacheka kila nikifika hapa, maana miaka hiyohiyo, Nanyuki hiyohiyo, Mwafrika aliyekutwa bila kipande, kile kitambulisho alicholazimishwa kubeba, hakuulizwa kama anapenda michezo.