Si kila mstari kwenye eksirei ya mguu ni mvunjiko

Haya, walionisikia mwaka jana washajua naanzia kwenye kifundo, mnivumilie. Kijana mcheza mpira kateguka, kifundo kimevimba, akapigwa eksirei ya ubavuni, nyuma ya talasi, ule mfupa wa kifundo unaokaa juu ya kisigino, kikaonekana kimfupa kama punje ya hindi kimejitenga, mtu akaandika "amevunjika" na kijana akakaa na plasta wiki sita. Wiki sita! Nilipoletewa ile picha nikacheka kwanza, halafu nikakasirika, maana kile kimfupa kilikuwa na ganda jeupe pande zote, laini kama kokoto la mtoni. Mfupa uliovunjika jana haujapata ganda pale ulipokatika, kingo zake zina meno meno, na vipande ukivirudisha kwa macho vinaoana kama kikombe kilichopasuka. Hiki hakioani na kitu. Ni os trigonamu, kituo cha ukuaji, yaani sehemu ya mfupa inayoota peke yake, kinachoanza kuonekana kwenye miaka 8 mpaka 13 hivi, kwa wengi kinaungana na talasi, kwa wengine ndo hivyo, kinabaki peke yake maisha yote.

Namuona mtu pale nyuma anataka kusema piga na mguu wa pili ulinganishe. Piga, ila usitegemee sana, wako watu wanacho upande mmoja tu. Na mwingine atasema basi kama ni maumbile hakiumi. Kinauma! Waulize wacheza baleti, wakisimama kwenye ncha za vidole kinabanwa huko nyuma kati ya kisigino na mfupa wa muundi, na hapo MRI, ile picha ya sumaku, inakuonyesha uboho umevimba maji. Lakini kabla ya MRI una kidole, bonyeza, uliza hapa? Na wewe unayejaza fomu, "maumivu ya mguu" ndo maelezo gani hayo, mguu una mifupa 26 bila kuhesabu ya ziada!

Naonyeshwa saa, haya haraka, vingine vinavyodanganya kama mvunjiko. Sesamoidi, kale kamfupa ka chini ya kidole gumba cha mguu, ikiwa imegawanyika, vipande vikijumlishwa vinazidi sesamoidi moja ya kawaida, ujue kazaliwa nayo. Mtoto na metatarsali ya tano, ule mfupa wa mguu unaobeba kidole cha mwisho, kwenye shina lake, mstari ukifuata urefu wa mfupa ni ukuaji, ukikata kwa upana ni mvunjiko. Navikula ya ziada, kamfupa ka upande wa ndani wa mguu, ile iliyoshikwa na gegedu ndo msumbufu. Kuneifomu iliyogawanyika, mfupa wa katikati ya mguu huo, nilikuwa na slaidi zake nzuri kweli, ila naona maikrofoni inafuatwa.