Je, Wakristo wa kwanza waliuamini Utatu?

Ndugu zangu, kila ninapozungumzia jambo hili hukuta makundi mawili yananisubiri: moja husema kwamba Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, ulibuniwa na Kaisari Constantinus kwenye mtaguso wa maaskofu huko Nisea mwaka 325, na jingine hudhani kwamba Mtume Petro alikariri kanuni ya imani kama tunavyoikariri sisi Jumapili. Yote mawili hayajasoma, nami nasema hivyo bila kuomba radhi.

Chukueni barua ambayo Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajanus mnamo mwaka 112. Mtu huyu hakuwapenda Wakristo hata kidogo. Waliokataa kuikana imani yao aliamuru wauawe. Walioikana walimweleza kwamba walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kwa kupokezana kana kwamba ni mungu, na kuapa kutoiba, kutozini na kutoikana amana waliyowekewa. Ili ahakikishe, akawatesa wanawake wawili watumwa walioitwa mashemasi. Mtaniambia kwamba mpagani yule hakuelewa alichokisikia. Na asielewe! Hakuwa na sababu ya kuwatungia wimbo, na wimbo huo ulikuwa ukiimbwa miaka zaidi ya 200 kabla ya Nisea, na watu ambao ungeweza kuwaponza.

Lakini ninyi wa kundi la pili msishangilie mapema, kwa maana kumwimbia Kristo si sawa na kueleza ni kwa namna gani yeye ni Mungu na Mungu akabaki mmoja. Tertullianus, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliyeandika kitabu mwanzoni mwa karne ya 3 juu ya dhati moja na nafsi tatu, analalamika katika kitabu hicho hicho kwamba waamini wa kawaida, ambao siku zote ndio wengi, walishtushwa na maelezo yake wakidhani anahubiri miungu miwili au mitatu. Walikwisha kubatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na bado waliiogopa hesabu.

Naona mwenyekiti anatazama saa, basi nitapita mbio. Nisea ilimkataa Arius, aliyefundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo, ila juu ya Roho Mtakatifu ilitamka tu kwamba twamwamini. Ufafanuzi ulisubiri mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381. Anayedai kwamba Kaisari alilimaliza jambo kwa amri moja atueleze ile miaka 56 ya ugomvi, ambamo Athanasius, askofu wa Aleksandria na mtetezi mkuu wa Nisea, alifukuzwa mjini mwake mara 5, na wa kwanza kumfukuza akawa Constantinus mwenyewe.