Gurnah na nyumba za watu wasiosemezana

RUKIA: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena, mie Rukia niko na kaka Seif na leo tunamzungumza mwandishi wa riwaya, mzee wetu Abdulrazak Gurnah, vitabu vyake. Na kabla hujafungua mdomo Seif, sitaki ile khabari ya mwaka 2021.

SEIF: Ipi tena?

RUKIA: Unaijua. Ile alipopata tuzo ya Nobel ya fasihi mitandao ikachafuka, huyu Mtanzania huyu Muingereza.

SEIF: Aa lakini ule ubishi ulikuwa mtamu bwana! Huyu anakwambia kazaliwa hapahapa Unguja 1948, Malindi, mwengine anakwambia kaondoka na miaka 18 pasi yake si ya huku, na wote wawili ukiwauliza umesoma kitabu gani chake, kimya.

RUKIA: Basi ndo tuingie kwenye vitabu. Maana mule ndani suala la nani wa wapi halijibiwi na pasi hata siku moja. Mie nilivomsoma, ukiikamua riwaya yake yoyote unakuta familia ina jambo haisemi, na hilo jambo ndo linalomtoa mtu kwao. Si jahazi, si ndege.

SEIF: Hapo ntakupinga dada. Mapinduzi ya 1964 umeyaweka wapi? Wajerumani umewaweka wapi? Watu wamefungwa mule, wamenyang'anywa nyumba, wewe unasema familia haisemezani, ati.

RUKIA: Sikatai yamo. Hebu chukua Gravel Heart, ya 2017. Salim mtoto wa miaka saba, baba yake Masud anahama nyumba, anakwenda kukaa chumba cha nyuma ya duka, hafanyi kitu, amejikalia tu. Mama anapika kila siku anatia kwenye kapu anamtuma mtoto ampelekee. Kila siku! Na baba chakula anakila, nyumbani harudi, na hakuna hata mtu mmoja anaemwambia mtoto kisa nini. Majirani wanajua, mie nakwambia mtaa mzima unajua, maana mitaa yetu hii unaijua, lakini mbele ya mtoto watu wanazungumza bei ya samaki.

SEIF: Eeh, hapo kaipata Zanzibar khasa.

RUKIA: Sasa anakua, mjomba wake Amir ambae ni mtu wa ubalozi anamchukua London akasome, anakaa kwake, anakula kwake, hajui kama mjomba huyohuyo ndo kisa chote. Amir aliwekwa ndani, na bei ya kumtoa aliilipa dada yake, mama yake Salim, kwa mwili wake, kwa mkubwa mmoja wa serikali.

SEIF: Si umeona! Serikali hiyo. Umejijibu mwenyewe.

RUKIA: Uovu ni wa mkubwa wa serikali, nakupa. Lakini ile miaka yote Salim anayozurura Uingereza hajui achukie nani, hiyo kaifanya mkubwa? Hiyo imefanywa na watu wanaompenda. Anakuja kuambiwa na baba yake, karudi nyumbani, mama keshakufa.

SEIF: Na hapo kuna Shakespeare, tusipite tu. Fundo lile ni la tamthilia yake Measure for Measure, dada anatakiwa autoe mwili wake ili kaka atoke kifungoni, ila kule dada anakataa. Gurnah kauliza, na akikubali je? Sasa huyo kaka atamtazama vipi? Maana Amir hata haya hana, anavaa suti zake anaendelea na maisha. Yule jamaa mie nilitaka kumpiga.

RUKIA: (anacheka) Wewe tena.

SEIF: Wallahi. Lakini niachie nikuletee By the Sea, 2001, maana pale mgogoro ni wa nyumba na fanicha, mambo ya kudaiana, sio siri za chumbani. Mzee Saleh Omar, mtu mzima wa miaka 65, alikuwa na duka la fanicha, anateremka uwanja wa Gatwick anajitia hajui Kiingereza hata neno, na pasi yake ina jina la mtu mwengine, Rajab Shaaban Mahmud. Mzigo wenyewe wa maana ni kikasha cha udi. Udi wa qamari! Na afisa wa uhamiaji anauchukua. Kaacha nyumba, kaacha kila kitu, kabakisha udi na wenyewe umekwenda. Pale nilifunga kitabu kwanza.

RUKIA: Na lile jina?

SEIF: Ndo nakuja huko. Mwenye lile jina alikuwa na mtoto, Latif, yuko palepale Uingereza, kasoma kawa msomi mkubwa, na kwao wanaamini huyu mzee ndo aliewatoa kwenye nyumba yao. Wanakutana. Wanakaa wanahesabiana, baba yako alifanya hivi, na wewe ulifanya hivi, mkopo ulikuwa wa nani, meza ilikwenda wapi. Na raha yake ni kwamba kila mmoja ana nusu ya hadithi tu. Mahasimu kabisa, lakini Uingereza nzima hakuna mwengine anaeijua ile nyumba, kwa hivo wanajikuta hawaachani.

RUKIA: Seif, si hicho ninachokwambia? Mambo yale yangesemwa wakati wake pasingekuwa na kitabu.

SEIF: (anacheka) Pangekuwa na kesi mahakamani.

RUKIA: Haya sasa nakuletea Dottie, ya 1990, ambacho watu hawakisomi, na mie ndo ushahidi wangu mkubwa. Mule Zanzibar hamna kabisa. Mapinduzi hamna. Msichana mweusi kazaliwa Uingereza, jina lake refu Dottie Badoura Fatma Balfour, na hajui hata hilo Badoura na hilo Fatma yametoka kwa nani, kwa sababu mama yake, Bilkisu, alikimbia kwao Cardiff akajibadilisha akawa Sharon, na akafa hakusema. Anabaki na wadogo zake wawili wa kuwalea, mmoja anaharibikiwa, na yeye anakwenda maktaba kujisomea pole pole. Sasa niambie, huyu kafukuzwa na serikali gani?

SEIF: Hapo umenibana kidogo. Kidogo!

RUKIA: Na The Last Gift ya 2011 vilevile, mzee Abbas anaanguka na maradhi ndo anaanza kutapika maneno, kumbe alikimbia Unguja akamuacha mke mjamzito, watoto wake wa Uingereza wameshakuwa watu wazima ndo wanasikia.

SEIF: Ila Paradise hunipati. 1994, hicho ndo kiliingia fainali za Booker, ile tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza. Baba anadaiwa, hana cha kulipa, anamtoa mtoto wake Yusuf, miaka 12, rehani kwa tajiri. Mtoto anapanda treni anajua anakwenda kumtembelea ami yake, ami Aziz. Anafika dukani anamkuta Khalil, na yeye rehani, anamwambia wee huyu si ami yako. Hiyo si siri dada, hiyo ni biashara, ndo uchumi wa pwani ulivokuwa, misafara ya bara, pembe, madeni. Na nimpendeacho Gurnah hapo hatupambi. Hasemi tulikuwa peponi Wazungu wakaja wakaharibu. Anasema tulikuwa tunauzana wenyewe kwa wenyewe na adabu zetu na udi wetu, halafu Mjerumani akaja na mabaya zaidi.

RUKIA: Hapo niko na wewe mia kwa mia. Na ndo watu wengine wanamnunia.

SEIF: Wengi.

RUKIA: Mie malalamiko yangu ni wanawake. Ukimtoa Dottie, vitabu vya mwanzo mwanamke yupo analia tu au anatamaniwa. Mpaka Afterlives, 2020, ndo nilipumua, yule Afiya, mtoto anapigwa mpaka anaumizwa mkono kwa kosa la kujua kuandika, na kinachomuokoa ni kikaratasi alichoandika mwenyewe akampelekea Khalifa, rafiki wa kaka yake, aje amchukue. Kaka yake Ilyas yeye kenda zake kuwapigania Wajerumani, na yaliyomkuta siyasemi, msome.

SEIF: Usiseme, usiseme. Lakini Theft umeiona? Ya 2025, ya kwanza baada ya Nobel. Pale sasa watu hawaondoki sana, wamebaki hapahapa na Dar, na wageni ndo wanaokuja, mahoteli. Badar mtoto wa kazi za nyumbani, mzee wa nyumba anamchukia kwa jambo la baba yake ambalo yeye hata halijui...

RUKIA: Endelea, endelea, jambo ambalo halijui.

SEIF: Haya bwana! Umeshinda hilo moja.

RUKIA: (anacheka) Anaeanza aanze na kipi?

SEIF: Peponi. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya hiyohiyo Paradise, Mkuki na Nyota wameitoa 2022. Na kama unataka kucheka tafuta Admiring Silence, jamaa katoka Uingereza baada ya miaka chungu nzima, kampikia mkwe wake Mzungu hadithi za uongo kuhusu kwao, halafu anafika Unguja kwenyewe anakuta vyoo vimeziba mji mzima.

RUKIA: Mie nasema Gravel Heart, na msome na mama zenu. Haya, wiki ijayo mwandishi Said Ahmed Mohamed, tunaanza na riwaya yake Utengano, na Seif usije ukaniambia yule Bwana Maksuudi wa mule ndani nae kaharibiwa na serikali.

SEIF: Ntakuja na hoja zangu, we subiri.