Springi Kwanza, Vifundo Baadaye: Mhadhara kuhusu Shokapu ya Nyuma ya Pikipiki

Ndugu waendeshaji, karibuni. Hiki kilichopo mezani ni shokapu ya nyuma iliyofunguliwa. Springi ndiyo hii, hapa kuna bomba lake, shafti, pistoni, na hivi visahani vyembamba vya chuma nimevipanga juu ya karatasi nyeupe ili visipotee. Tukimaliza mtakuja kuvishika. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni "ninunue shokapu gani?" Nami humrudishia mtu swali: una kilo ngapi ukiwa umevaa kofia, jaketi na buti zako? Wengi hunitazama tu. Walitarajia nitaje kampuni.

Kiwandani pikipiki huwekewa springi moja kwa watu wote. Wa kilo 55 anakaa juu yake, wa kilo 110 anakaa juu ya ileile, na wa tatu anapakia abiria na begi. Mtengenezaji hana njia nyingine, huchagua kati na kati. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga shokapu ya bei mbaya, yenye vifundo vya kila rangi, yaani vile vya kuzungusha ili kuirekebisha, halafu akalalamika kwamba pikipiki bado inaruka. Vifundo havibadilishi springi. Kama springi si ya uzito wako, utavizungusha mpaka vidole vichubuke.

Jambo la pili, na hapa najua sitapendwa na wote. Kuna imani kwamba shokapu ya mbio lazima iwe ngumu. Mtu anakandamiza kiti kwa mikono, hakishuki, anatabasamu. Hapana, jamani. Kazi ya shokapu ni kuhakikisha tairi halipotezi ardhi. Tairi lililo hewani halisukumi, halisimamishi, halishiki kona. Shokapu ikiwa ngumu kupita kiasi, gurudumu likikuta kiwimbi katikati ya kona halipandi peke yake. Linaipandisha pikipiki nzima na wewe juu yake. Na msidhani uwanja wa mbio ni kioo. Pale ambapo magari hufunga breki kwa nguvu, lami husukumwa ikakunjamana, na mikunjo hiyo unakutana nayo ukiwa umeshainamisha pikipiki.

Sasa tuje kwenye hii nati kubwa iliyo juu ya springi. Ukiikaza, springi inabanwa kabla hata hujapanda. Huo ndio mkazo wa awali. Watu wengi huamini kwamba kuikaza nati hii kunaifanya springi iwe ngumu zaidi. Tupige hesabu. Tuseme springi hii ni ya Nyutoni 90 kwa kila milimita. Nikiibana milimita 10 kwa nati, imeshabeba Nyutoni 900 kabla ya safari kuanza. Nikitaka kuishusha milimita 10 zaidi, natakiwa kuongeza Nyutoni 900 nyingine. Na nisingeibana kabisa? Milimita 10 za kwanza zingedai Nyutoni 900 zilezile. Ugumu wake haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kimo: nyuma ya pikipiki inakaa juu zaidi ukiwa umepanda. Nati ni ya kupanga kimo. Ugumu unanunuliwa pamoja na springi, na kwa kawaida umeandikwa kwenye waya wake, ama kwa Nyutoni ama kwa kilo kwa milimita. Kilo moja kwa milimita ni karibu Nyutoni 9.8, msije mkachanganya mkaagiza kitu kingine kabisa.

Utajuaje springi yako ni sahihi? Kwa futi kamba na wenzako wawili. Weka alama ya utepe kwenye mkia, wima juu ya ekseli ya nyuma. Kipimo cha kwanza ni gurudumu likiwa linaning'inia, shokapu haijabeba chochote. Hapa wengi hukosea: wanaiweka pikipiki kwenye stendi ile inayoshika mkono wa gurudumu la nyuma, wanapima. Stendi hiyo haiipunguzii shokapu mzigo, kwa sababu uzito wa pikipiki bado unaikalia. Ni lazima inyanyuliwe kwa fremu, au wenzako waiegemeze kwenye stendi ya pembeni na kuivuta mpaka tairi la nyuma liachie ardhi. Tuseme umepata milimita 600 toka ekseli hadi alama.

Kipimo cha pili, pikipiki imesimama yenyewe, hakuna mtu. Cha tatu, umepanda na mavazi yako yote, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, mwenzako ameshika usukani. Na kila mara fanyeni hivi: ikandamizeni iachieni ipande polepole, pimeni, kisha inyanyueni iachieni ishuke polepole, pimeni tena. Namba mbili hazitafanana, kwa sababu ya msuguano wa sili na viungo. Chukueni ya katikati. Zikipishana sana, msiendelee na shokapu; nendeni mkaangalie beringi za linki, vile viungo vinavyoiunganisha shokapu na mkono wa gurudumu la nyuma, huenda zimekauka au zimeshika kutu.

Turudi kwenye namba zetu. Pikipiki peke yake imesoma 590, yaani imezama 10. Ukiwa umepanda imesoma 568, yaani imezama 32. Kwa pikipiki ya michezo, mzamo wa milimita 30 hadi 35 ukiwa umepanda unafaa barabarani. Uwanjani watu hushuka kuelekea 25 hadi 30. Namba hizo unazifikia kwa kuzungusha nati. Lakini ukishazifikia, rudi utazame ule mzamo wa pikipiki peke yake, kwa sababu huo ndio unaosema kweli kuhusu springi. Unatakiwa uwe kati ya milimita 5 na 15 hivi.

Nitakaa hapa kidogo maana ndipo panapowachanganya watu. Umepata 32 ukiwa umepanda, lakini pikipiki peke yake haizami kabisa, imesoma sifuri. Mtu wa haraka atasema springi ni ngumu, si unaona pikipiki haishuki? Kumbe ni kinyume chake. Springi ni laini kwa uzito wako. Ili ikubebe umelazimika kuikaza mno, na sasa imekazwa kiasi kwamba uzito wa pikipiki pekee hauwezi kuisogeza. Upande wa pili, ukipata 32 umepanda na pikipiki peke yake imezama 22, springi ni ngumu mno: umelegeza nati ukatafuta kushuka, na uzito wako umeongeza milimita 10 tu. Ukisikia fundi anakushauri springi bila kuwa na namba hizi mbili, mwambie asante, nenda zako.

Nasikia mtu anauliza pale kwamba akishapata springi, je, shokapu ya kiwandani ataitupa? Si lazima. Kwa mtu wa barabarani ambaye shokapu yake haivuji na inaweza kufunguliwa, springi sahihi na oili mpya ni mabadiliko makubwa kuliko anavyotarajia. Ningeanzia hapo. Ila shokapu nyingi za kiwandani zimefungwa moja kwa moja, hazikukusudiwa kufunguliwa, na hapo hoja ya kununua mpya inaanza kuwa na maana.

Springi ikibanwa huhifadhi nguvu, na ikiachiwa huirudisha yote. Ikiachwa bila kizuizi itakurusha kitini. Kinachozuia ni oili inayolazimishwa kupita kwenye pistoni hii, na hivi visahani vimekaa juu ya matundu yake kama vifuniko. Oili ikisukuma kwa nguvu, visahani vinapinda, inapita. Shikeni hiki: unene wake ni milimita 0.10. Hiki kingine ni 0.15, na jicho halioni tofauti. Lakini ugumu wa kisahani hufuata kipeo cha tatu cha unene, yaani ukizidisha unene mara mbili ugumu unakuwa mara nane. Kutoka 0.10 kwenda 0.15 ugumu unazidi mara tatu na ushee. Kwa hiyo anayezipanga upya shokapu anacheza na sehemu ndogo mno za milimita, na ndiyo kazi unayomlipa.

Vifundo vya nje, vile vinavyolia kliki kila ukivizungusha, kwa kawaida havivigusi visahani hivi. Vinafungua na kufunga njia ndogo ya pembeni ambayo oili hupita shafti ikienda polepole. Na hapa kasi ni ya shafti, si ya pikipiki. Ukienda kilomita 200 kwa saa kwenye lami tambarare, shafti inatembea taratibu. Ukiingia shimoni kwa kilomita 30, shafti inakimbia. Kwa hiyo pikipiki ikikupiga mgongo kwenye mashimo, kifundo cha kubana kwa mwendo wa polepole hakitakusaidia sana. Tafuta cha mwendo wa kasi kama kipo, au visahani vipangwe upya.

Kifundo cha kurudi, kile kinachopanga kasi ya shokapu kurudi baada ya kubanwa, ndicho kinachokosewa na watu wengi. Kikiwa wazi mno, mkia unarukaruka baada ya kila tuta. Kikifungwa mno, balaa lake ni la kujificha: gurudumu likibanwa na kiwimbi cha kwanza halipati muda wa kurudi kabla ya cha pili, linabanwa tena, na tena, mpaka shokapu imebaki chini haina mwendo. Mwendeshaji anahisi ugumu, anadhani springi ni ngumu, analegeza nati, nyuma inazidi kushuka. Dawa ilikuwa kufungua kliki mbili. Kwa kuanzia, sukuma mkia kwa nguvu kisha uuachie: urudi kwa utulivu, upande mara moja tu na kutulia. Kliki zihesabiwe toka kifundo kikiwa kimefungwa kabisa, kwa upole, bila kukilazimisha, na zote ziandikwe. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja. Na kabla ya yote, presha ya tairi, likiwa la baridi. Tairi nalo ni springi.

Kwa nini basi watu wa uwanjani huhitaji shokapu bora? Joto. Kila nguvu ambayo oili inaizuia hugeuka joto. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na kizuizi kinapungua. Raundi za kwanza pikipiki ni nzuri, baadaye mkia unaanza kuogelea kila ukiongeza kasi ukitoka konani, na hakuna ulichogusa. Tena pistoni ikienda kwa kasi, nyuma yake presha hushuka na mapovu hutokea ndani ya oili, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana shokapu nzuri huwa na chumba cha naitrojeni kilichotengwa na oili kwa pistoni inayoelea au kwa mfuko wa mpira, na gesi hiyo huisukuma oili muda wote. Presha yake ni baa 10 na kuendelea. Nawasihi, msifungue shokapu yenye gesi gereji ya nyumbani. Kipande kikiruka kitakutafuta usoni.

Historia fupi tu. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa injini za cc 250 akiwa na Yamaha yenye shokapu moja nyuma badala ya mbili, wazo la mhandisi Mbelgiji Lucien Tilkens. Miaka ya mwanzo ya 1980 zikaja linki: Kawasaki na Uni-Trak, Honda na Pro-Link, Suzuki na Full Floater. Linki hufanya shokapu isogee kidogo mwanzoni na zaidi kadiri gurudumu linavyopanda, hivyo mwanzo ni laini na mwisho ni mgumu. Kwenye pikipiki nyingi za michezo shokapu husogea takriban milimita 1 kwa kila 2 za gurudumu, na mwendo wote wa gurudumu ni milimita 120 hadi 140.

Uwiano huo kumbukeni mnaponunua shokapu yenye urefu unaorekebishwa. Ukiirefusha milimita 5, nyuma inapanda karibu milimita 10. Kwa pikipiki ambayo ekseli zake zimepishana milimita 1400, hiyo ni takriban digrii 0.4 ya mwinamo wa mbele. Namba ndogo, lakini mikono yako itaihisi kona ya kwanza tu: pikipiki inaingia upesi, haikuvuti kwenda nje ukitoka. Ukizidisha, usukani unaanza kutikisika kwenye mwendo mkubwa. Anayeitumia pikipiki moja barabarani na uwanjani angoje kwanza kabla ya kugusa urefu. Aache urefu wa kiwandani, abadilishe mkazo wa awali na kliki, awe na kurasa mbili kwenye daftari: moja ya barabara, moja ya uwanja. Kurudi nyumbani na mpangilio wa uwanjani ni kujitesa, na lami yenye mashimo itakurusha pale ambapo hujajiandaa.

Kuna swali la mwisho, la kununua shokapu iliyotumika. Inunue kama mambo manne yanakubali. Urefu wake toka tundu la bolti la juu hadi la chini ulingane na wako. Shafti iwe safi. Pitisha ukucha, na ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, iache, kwa sababu mkwaruzo huo utakata kila sili utakayoweka. Kusiwe na unyevu wa oili chini ya raba ya mwisho, ile ya povu gumu inayokaa kwenye shafti. Isogeze juu, usiiamini iliyofutwa kwa nje tu. La nne, uliza springi iliyomo ni ya mtu wa kilo ngapi, na uweke akilini bei ya nyingine. Haya, sogeeni mezani. Visahani vishikwe kingoni, na kila mmoja akirudishe palepale alipokitoa.