Senti 30 za Lami: Tairi Limepasuka, Nikasoma Risiti Vizuri

Haya wapendwa, mambo vipi, leo niko ndani ya gari, msishangae hizi kelele. Nimetoka duka la matairi saa hii. Jana usiku nimeingia kwenye shimo hapa hapa mtaani kwetu, pwaa, tairi la mbele kwisha habari yake. Ndio, Marekani. Mnaodhani huku lami ni ya mbinguni njooni huu mji wetu mdogo wa Texas, kama saa moja hivi toka Dallas, udongo wa huku ni ule ule wa mbuga kama wa kwetu Shinyanga, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, na lami juu yake inapasuka nayo.

Sasa cheki hii risiti, ngoja niisogeze. Tairi dola 120. Huku bei ya kwenye rafu sio unayolipa kaunta, sio kama VAT ya kwetu ambayo mara nyingi imeshamezwa humo kwenye bei, hapa kodi ya mauzo inakuja juu. Asilimia 8.25, dola 9 na senti 90. Jimbo linachukua 6.25, yaani dola 7 na nusu, zile 2 zinazobaki ni za hapa hapa, na sheria hairuhusu zizidi hapo. Na ndani ya hizo 2, mji wetu umetenga robo ya asilimia kwa ajili ya mitaa tu. Piga hesabu: senti 30. Kwa hiyo shimo limenipasulia tairi, mimi nimenunua tairi, na tairi limechangia senti 30 kuziba shimo. Nimecheka peke yangu pale kaunta mpaka fundi kaniangalia.

Ila ngoja niwaambie kilichonivutia. Hiyo robo halmashauri haikuamka tu asubuhi ikaiweka, wananchi waliipigia kura, na hapa mjini kwetu inakufa baada ya miaka 4. Wakitaka iendelee, wanarudi kwa wananchi upya kuomba. Arlington kule karibu na Dallas walianza 2002, na wamekuwa wakirudi kwenye sanduku kila ikiisha muda. Na hela yenyewe ni ya kukarabati mitaa iliyopo, huwezi kuichota ukafungulie barabara mpya kwenye viwanja vya mkubwa fulani. Duka linakata, linapeleka Austin, makao makuu ya jimbo, Austin wanaurudishia mji fungu lake kila mwezi.

Bongo sisi tunachangia kwenye mafuta, si mnakumbuka 2021 ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini? Huku mafuta hayaguswi na hii kodi, yana ya kwake. Ila dereva wa lori akisimama kujaza dizeli halafu akanunua soda na kuku wa moto, hapo kashatuchangia lami na wala hajui mji unaitwaje. Unga, mchele, maziwa havikatwi, hapo nawapa heko, mama mwenye watoto watano asingepona.

Sasa ubaya wake, maana upo. Mji usio na maduka utakusanya nini? Sisi watu wengi wikiendi wanaenda kununua mji wa jirani kwenye maduka makubwa, kwa hiyo tunatengeneza barabara za wenzetu, tunarudi nyumbani kupasua matairi. Halafu mimi nina green card tu, yaani kibali cha kuishi huku, sio uraia, kulipa nalipa, kura sina.

Jirani yangu mzee mmoja, kura anayo. Nikamuuliza leo asubuhi, babu, mwezi wa tano hiyo robo ya mitaa utaipitisha tena? Akanionyesha kwa kidole mwisho wa mtaa, lile shimo langu. Akasema mara zote mbili kapiga ndiyo, na mtaa wetu bado uko chini kabisa kwenye listi. Safari hii anataka kwanza aione hiyo listi.